Kipepeo na Mti Wake

1. Bustani mbili

Fikirini bustani mbili za watu wote katika mji mmoja.

Bustani ya kwanza ni safi sana. Njia zake zimefagiwa, nyasi zimekatwa sawasawa, maua yamepandwa kwa mistari. Hata mkitafuta sana, hamtaona jani moja lenye tundu. Bustani ya pili nayo inatunzwa vema, lakini mtunzaji wake ameacha mndimu wa zamani pembeni. Ameacha pia mimea fulani karibu na ukuta, ambayo wengine wangeiita magugu. Majani mengine ya bustani hii yameliwa nusu.

Sasa, watoto, nendeni huko saa nne ya asubuhi, jua likiwa limepanda, mkahesabu vipepeo. Katika bustani ya kwanza mtaona wapita njia tu. Kipepeo hunywa katika ua moja, hunywa katika ua la pili, huvuka ukuta na kwenda zake. Katika bustani ya pili mtaona wengi, na kesho mtaona wengine ambao mabawa yao ni mapya kabisa. Kwa sababu gani? Maua ni mengi katika bustani zote mbili.

Jibu ni hili: ua humlisha kipepeo, lakini jani ndilo humlea mtoto wake. Bustani yenye maua tu ni kama nyumba ya wageni: watu hula, hulala, hulipa, hutoka. Bustani yenye majani yafaayo ni kijiji: watoto huzaliwa humo.

2. Kinywa cha mtoto na kinywa cha mzazi

Kifaranga akitoka katika yai, mara moja anafanana na kuku. Ana miguu miwili, mdomo na mabawa madogo. Kipepeo sivyo. Yeye hupita katika hali nne: kwanza ni yai, kisha kiwavi, kisha pupa, na mwisho kipepeo.

Kiwavi, ambaye wengine wenu humwita kilulu, ana kazi moja tu: kula. Kinywa chake kina taya mbili ngumu, zinazokata jani kama mkasi. Anakula, anakua, lakini ngozi yake haikui pamoja naye. Kama vile kaptula ya mwaka jana inavyombana mtoto aliyekua, ndivyo ngozi inavyombana kiwavi. Ndipo ngozi hupasuka mgongoni, naye anatoka akiwa amevaa nyingine mpya. Viwavi wengi huvua ngozi mara nne hivi, kisha huivua tena mara ya mwisho ili wawe pupa.

Msicheke mkisikia neno hili. Hapa pupa siyo tamaa ya mlafi. Ni neno la Kilatini, maana yake mwanasesere, mtoto wa kuchezea. Kweli, pupa hukaa kimya kama mwanasesere aliyefungwa katika nguo. Hali, wala hatembei. Lakini ndani yake mwili wa kiwavi unavunjwa na kujengwa upya.

Kipepeo anayetoka humo hana taya za kukata. Ana mrija mwembamba, ambao ameukunja chini ya kichwa kama kamba iliyozungushwa. Akifika kwenye ua, anaukunjua na kunywa maji matamu. Hata akifa njaa juu ya mndimu wenye majani elfu, hawezi kula jani moja.

Basi angalieni: mzazi na mtoto hawali katika meza moja. Anayetaka kuwaalika vipepeo sharti aandae meza mbili, maua kwa wazazi na majani kwa watoto. Na kila aina ya kiwavi ina majani yake. Mmea ambao majani yake humlisha kiwavi fulani, katika somo hili tutauita mmea mlezi.

3. Msichana aliyefuga viwavi

Zamani watu wengi wa Ulaya walidhani kwamba viwavi huzaliwa na matope au na vitu vilivyooza. Katika mji wa Frankfurt, nchi ya Ujerumani, aliishi msichana jina lake Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa mwaka 1647. Alipokuwa na miaka 13 tu, alianza kufuga viwavi wa hariri, kisha viwavi wengine. Kila siku aliwapa majani, akaangalia, akaandika, akachora.

Katika picha zake hakuchora kipepeo peke yake. Alichora yai, kiwavi, pupa na kipepeo, wote pamoja juu ya mmea ule ambao kiwavi anaula. Mwaka 1679 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya viwavi. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda merikebu pamoja na binti yake kwenda Surinamu, katika Amerika ya Kusini, ili ajifunze vipepeo wa nchi ya joto. Kitabu cha safari ile kilitoka mwaka 1705. Hakuwa amesoma katika chuo kikuu. Alikuwa na macho, uvumilivu na kalamu. Vitu hivyo vitatu ninyi pia mnavyo.

4. Kipepeo wa mndimu

Tuanze na kipepeo ambaye karibu kila mtoto wa Kongo amemwona. Ni mkubwa, mabawa yake yakikunjuliwa hupita upana wa kiganja cha mtoto. Rangi yake ni nyeusi yenye madoa mengi ya manjano hafifu, na mabawa ya nyuma yana madoa kama macho, mekundu na ya buluu. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Sisi tumwite kipepeo wa mndimu, kwa sababu watoto wake hula majani ya mndimu, mchungwa na mindimu mingine yote.

Mama hutaga yai moja hapa, moja pale, juu ya jani changa. Yai ni duara, la manjano hafifu, dogo kama kichwa cha pini. Baada ya siku chache kiwavi anatoka. Mnaweza kumtazama bila kumtambua, kwa maana ana rangi ya kahawia na nyeupe, naye anang'aa kama mavi ya ndege yaliyoanguka juu ya jani. Ndege gani atataka kula mavi yake mwenyewe? Hiyo ndiyo ngao yake ya kwanza.

Akiisha kukua, anakuwa mkubwa mno kwa kujifanya mavi ya ndege. Basi anabadili nguo. Anakuwa wa kijani kama jani, mwenye mistari ya kahawia ubavuni. Sasa mguseni polepole kwa kijiti. Tazama! Nyuma ya kichwa chake panatokea pembe mbili laini, za rangi ya machungwa, na harufu kali inasikika. Sisimizi na wadudu wengine hawaipendi harufu hiyo. Baada ya kitambo pembe zinarudi ndani.

Siku ya kuwa pupa ikifika, anatafuta kitawi. Anafunga mkia wake kwa uzi wa hariri, kisha anazungusha uzi mwingine kiunoni, kama mtu anayepanda mnazi kwa kamba. Hapo anakaa, akiwa wa kijani au wa kahawia, mpaka kipepeo atoke.

Lakini hapa pana fumbo. Mindimu na michungwa siyo miti ya asili ya Afrika. Ilitoka Asia, ikaletwa na watu. Je, kipepeo huyu wa Afrika alikula nini kabla ya michungwa kufika? Alikula miti ya porini ambayo ni jamaa ya mndimu. Jamaa hao wana mafuta yenye harufu ndani ya majani, kama mndimu. Sugueni jani la mndimu mkononi mkanuse, mtaelewa. Mchungwa ulipofika, kipepeo alitambua harufu ya ukoo. Mti ulikuwa mgeni, lakini ukoo ulikuwa wa zamani.

Miti mingi ya bustani zetu imesafiri hivyo. Kusini ya Kinshasa iko bustani ya Kisantu, ambayo ilianzishwa karibu na mwaka 1900 na Bruda Justin Gillet, Mjesuti wa Ubelgiji. Alikusanya humo mimea ya nchi nyingi. Mtu anaweza kusafirisha mbegu katika kifuko, lakini kipepeo wa mti ule hubaki nyuma. Kwa hiyo mti wa kigeni ambao hauna jamaa hapa petu mara nyingi hauna viwavi. Majani yake ni mazuri kwa macho, lakini kwa vipepeo wetu ni kama mawe.

5. Mama hujuaje?

Kiwavi mdogo hawezi kusafiri kutafuta chakula. Mama akitaga juu ya mwembe, watoto wa mndimu watakufa wote. Basi mama hujuaje mti ulio wake?

Kwanza hutumia macho yake, akitafuta majani yenye rangi na umbo anavyotaka. Kisha hunusa kwa vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani. Mwisho anatua, na hapo hufanya jambo la ajabu: anapigapiga jani kwa miguu ya mbele, upesi upesi, kama mpiga ngoma. Miguuni mwake mna vinyweleo vinavyoonja. Ndiyo, kipepeo huonja kwa miguu! Jani likiwa siyo lenyewe, anaruka. Likiwa lenyewe, anapinda tumbo na kutaga.

Mkiona kipepeo anayeruka chini chini, akigusa jani hili na lile bila kujali maua, msidhani amepotea. Ni mama anayetafuta nyumba ya mtoto wake. Mfuateni, naye atawaonyesha mmea mlezi.

6. Mmea wa maziwa

Pembeni mwa njia na katika mashamba yaliyoachwa kuna mimea ambayo ukivunja jani lake, utomvu mweupe hutoka kama maziwa. Mmoja wao huzaa matunda yaliyovimba kama kibofu, yenye vinywele laini. Mwingine, uliotoka Amerika, hupandwa katika bustani kwa ajili ya maua yake mekundu na ya manjano. Maziwa ya mimea hii ni sumu, tena yakiingia machoni huumiza sana. Msiichezee, na mkiigusa, oweni mikono.

Hata hivyo kipepeo mmoja huwalea watoto wake humo. Jina lake ni Danaus chrysippus. Yeye ni wa rangi ya machungwa, mwenye ukingo mweusi na madoa meupe kwenye ncha za mabawa. Kiwavi wake amevaa mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na mgongoni ana jozi tatu za nyuzi nyeusi kama pembe. Hajifichi. Anakula mchana, mbele ya ndege wote. Kwa nini haogopi? Kwa sababu anapokula majani, anaweka sumu ya mmea ndani ya mwili wake. Kipepeo naye hurithi sumu hiyo. Ndege akimla, kinywa chake kinakuwa chungu na huenda akatapika. Siku nyingine akiona rangi ile, anapita.

Kipepeo huyu anajulikana tangu kale. Katika Misri, miaka zaidi ya 3300 iliyopita, mchoraji alimchora ukutani mwa kaburi la mwandishi aitwaye Nebamun, akiruka juu ya mafunjo ya mto. Picha ile imetunzwa sasa katika British Museum, mjini London.

7. Mwigaji

Hapo karibu anaruka kipepeo mwingine wa rangi ya machungwa, mwenye ukingo mweusi na ncha zenye weupe. Mtasema: "Ni yule yule." Sivyo. Huyu ni mke wa kipepeo wa aina nyingine kabisa, Hypolimnas misippus. Mume wake hafanani naye hata kidogo: ni mweusi, mwenye madoa makubwa meupe yanayozungukwa na rangi ya zambarau. Yule mke hana sumu, lakini amevaa nguo ya mwenye sumu, na ndege wanamwacha.

Mwaka 1862 Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekuwa amekaa miaka 11 katika misitu ya Amazoni, aliandika jinsi vipepeo dhaifu wanavyoiga rangi za vipepeo wenye sumu. Alijifunza mbali, lakini mfano wa neno lake uko katika bustani zetu.

Viwavi wa mwigaji huyu hawali mmea wa maziwa. Wanakula mimea midogo ya chini, kama ule unaotambaa juu ya udongo, wenye majani manene yaliyojaa maji. Mmea huo hung'olewa katika bustani karibu kila wiki. Sasa fikirini: mtu aking'oa mmea wa maziwa, mwenye sumu hana nyumba. Aking'oa kile kijani kinachotambaa, mwigaji hana nyumba. Mtu huyo atasema, "Nimeng'oa magugu tu." Kumbe amefuta vipepeo wawili.

8. Adui au rafiki?

Labda mtoto mmoja atauliza: "Bruda, je, tuwaache viwavi wote? Mama analia kwa ajili ya viazi vyake." Ni swali jema, na lazima tujibu kwa haki.

Katika nchi za Kivu, Rwanda na Uganda yuko kipepeo mdogo wa rangi ya machungwa, Acraea acerata, ambaye mmea wake ni viazi vitamu. Viwavi wake wakiwa wengi, hubakiza vijiti tu, na jamaa nzima inapata hasara. Mwenye shamba ana haki ya kuokota majani yenye viwavi na kuyaharibu. Shamba ni chakula cha watu.

Hata kiwavi wa mndimu ni hatari kwa mche mdogo. Viwavi watano wanaweza kuumaliza. Lakini mndimu mkubwa wenye maelfu ya majani haupati hasara kwa viwavi kumi. Basi mwenye akili hapigi dawa ya sumu juu ya mti mzima. Anawaondoa viwavi katika mche kwa mkono na kuwaweka juu ya mti mkubwa. Dawa ya sumu haichagui: inaua kiwavi, inaua pia nyuki na yule nyigu mdogo anayetaga mayai yake ndani ya viwavi na kuwapunguza. Chenjueni, watoto, kama mwanamke achenjuavyo mchele: hiki kibaki, hiki kitoke.

Tena wako viwavi wanaotulisha sisi. Katika masoko ya Katanga huuzwa vinkubala, viwavi wa nondo wa msituni, yaani vipepeo wa usiku. Nao wana miti yao milezi. Watu wakiikata yote kwa ajili ya makala, mwaka ujao kikapu cha sokoni kitakuwa kitupu.

Bustani ya watu wote siyo shamba. Hapana mtu anayengoja kula majani yake. Jani lenye tundu katika bustani siyo aibu ya mtunzaji. Ni alama kwamba mtoto wa kipepeo amekula hapo.

9. Tufanye nini?

Katika bustani ya mji, au pembeni mwa uwanja wa shule, pandeni mndimu mmoja. Acheni sehemu ndogo isiyofyekwa, karibu na ukuta. Mkiweza, pandeni kasia, mti mdogo wa maua ya manjano. Majani yake huwalea viwavi wa kijani wa kipepeo mweupe anayeitwa Catopsilia florella. Kipepeo huyo ni msafiri. Pengine makundi makubwa hupita siku nzima yakielekea upande mmoja, na mama akiona kasia njiani, hushuka kutaga. Kisha pandeni maua ya kila namna kwa ajili ya wazazi.

Wazee wa Kiswahili walisema: Usione vyaelea, vimeundwa. Walisema habari za vyombo vya baharini, lakini neno lao lafaa hata kwa kipepeo anayeelea hewani. Mabawa yale mnayoyasifu yaliundwa kwa majani ya mti fulani, jani kwa jani, na kiwavi ambaye watu wengi wangemkanyaga. Anayempenda kipepeo na kumchukia kiwavi hajui anachokipenda.

Kazi ya mikono

Tafuteni kiwavi mmoja wa mndimu. Mwekeni katika chupa yenye mdomo mpana, pamoja na kitawi cha mndimu, na funikeni kwa kitambaa chepesi ili apate hewa. Kila siku mpeni majani mapya na toeni mavi yake. Jaribuni kumpa jani la mwembe kwa saa moja, mwone kama atakula. Kisha mrudishieni jani lake asife njaa. Andikeni tarehe anapovua ngozi, anapokuwa pupa na anapotoka. Akiisha kutoka, mwacheni akaushe mabawa, kisha fungueni chupa nje, karibu na maua. Viwavi wenye manyoya msiwaguse kwa mkono, kwa maana wengine huwasha.

Maswali

1. Taja hali nne za maisha ya kipepeo.
2. Kwa nini kipepeo hawezi kula jani?
3. Kiwavi wa mndimu hujilinda namna gani akiwa mdogo? Na akiwa mkubwa?
4. Mchungwa ulitoka Asia. Mbona kipepeo wa Afrika aliutambua?
5. Mama kipepeo huonja kwa kiungo gani?
6. Kwa nini ndege wanamwacha kipepeo mwigaji, ingawa hana sumu?
7. Mtunzaji mmoja aling'oa magugu yote na kupiga dawa kila wiki, kisha akalalamika kwamba vipepeo hawakai katika bustani yake. Mwandikieni barua fupi yenye adabu, mkimweleza sababu.